Mtoto kaja na picha ya nyani: mageuko ya viumbe yafundishwe shuleni au yaondolewe?

Mama mmoja wa Makorora, Tanga, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha. Mwanawe aliyeanza kidato cha kwanza amerudi nyumbani na daftari la historia lenye ile picha ya nyani anayeinuka hatua kwa hatua mpaka anakuwa mtu mwenye mkuki. Baba kaiona, kafunga daftari, kasema atakwenda shule kuonana na mkuu. Ustadhi wa madrasa naye kamwambia kijana aliruke somo hilo. Mama amebaki katikati, na anauliza mambo matatu. Mafundisho haya ya mageuko ya viumbe yana haja gani shuleni, si bora yaondolewe? Kama mtu katokana na nyani, mbona nyani bado wapo na wanamaliza mahindi ya watu Muheza? Na mtoto akiulizwa kwenye mtihani aandike nini?

Waalaikumu salaam mama, na marahaba.

Yafundishwe. Nimefundisha baiolojia katika sekondari za mkoa huu mpaka nikastaafu, na msimamo wangu ndio huo. Lakini kabla baba watoto hajaitupa barua yangu, naomba asikie na hili: kilichomo kwenye daftari la mwanawe kimefundishwa vibaya, na ana haki ya kukasirika. Tofauti yangu na yeye ni kwamba yeye anataka somo liondolewe, mimi nataka lifundishwe kama linavyostahili.

Tazama mpangilio wenyewe. Kwa mtaala ambao watoto wetu wengi wamepitia, mtoto hukutana na asili ya binadamu kidato cha kwanza, kwenye historia, mada ya pili tu tangu avae sare mpya. Habari za urithi, jeni, na namna viumbe vinavyobadilika anakuja kuzikuta kidato cha nne kwenye baiolojia, mtihani wa taifa ukiwa mlangoni na mwalimu akikimbizana na silabasi. Maana yake mtoto anapewa hitimisho gumu kuliko yote, lile la binadamu, miaka mitatu kabla ya kupewa sababu zake. Anapewa na mwalimu wa historia ambaye pengine baiolojia aliiaga alipomaliza kidato cha nne. Tena anapewa kwa Kiingereza, miezi michache baada ya kutoka shule ya msingi alikosoma kila kitu kwa Kiswahili. Ningekuwa mimi ndiye huyo mtoto, ningeshika picha tu, na picha ndiyo aliyoishika.

Sasa picha yenyewe. Ilichorwa Marekani na Rudolph Zallinger, ikatoka kitabuni mwaka 1965, na tangu hapo imenakiliwa kila mahali mpaka kwenye fulana. Ubaya wake ni ile foleni. Ukiitazama unadhani kila kiumbe alikuwa njiani kuelekea kuwa wewe, wa nyuma akimsukuma wa mbele. Hakuna mwanasayansi anayefundisha hivyo. Viumbe hugawanyika, koo zinaachana, nyingine zinaendelea na nyingine zinakatika. Mfano mzuri tunao hapa nchini. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey alipata Oldupai fuvu lililoitwa Zinjanthropus, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Tunajivunia fuvu hilo, na kwenye madaftari mengi utalikuta limepangwa kama ngazi moja kabla ya binadamu. Zinjanthropus si babu yetu. Ni ukoo wa pembeni uliokatika bila kuacha kizazi, na aliishi zama moja na Homo habilis, ambaye mabaki yake yalianza kupatikana Oldupai hapo hapo mwaka uliofuata na ambaye ndiye anayewekwa karibu na ukoo wetu. Kuna kibaya zaidi: nukuu zinazouzwa kwenye vibanda vya fotokopi bado zinamtaja Ramapithecus kama hatua ya mwanzo ya binadamu. Huyo aliondolewa kwenye orodha ya wazee wetu muda mrefu, baada ya kugundulika kwamba ni wa upande wa orangutani, sokwe wa Asia. Baba akienda shule, hilo ndilo la kumwuliza mwalimu, na atamtoa jasho.

Kuhusu nyani wa Muheza. Wewe na binti wa shangazi yako mna bibi mmoja. Hakuna anayekuuliza: kama wewe umetoka kwa bibi huyo, mbona binti wa shangazi bado yupo? Sayansi haisemi nyani aligeuka mtu. Inasema ukirudi nyuma sana, ukoo wa nyani na ukoo wetu unakutana kwa kiumbe ambaye hakuwa nyani wala mtu, na makadirio ya wakati huo ni miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita. Sokwe, wale wa Gombe na Mahale, wako karibu zaidi: tunakutana nao kiasi cha miaka milioni 6 au 7 nyuma. Katika muda wote huo nyani hakukaa kutungoja. Naye alikuwa akibadilika upande wake, na kwa mkulima wa Muheza anayekesha shambani, kabadilika akawa hodari kupita kiasi.

Hayo ya binadamu tuyaweke kando kidogo, maana nadhani yanaziba njia. Mtu akisikia mageuko ya viumbe anawaza nyani, na akishawaza nyani hasikii kingine. Kama ningepewa darasa la mwanao kwa mwezi mmoja, nisingemgusa nyani hata kidogo. Ningeanza na malaria.

Wewe na mimi tunaikumbuka klorokwini. Tunakumbuka uchungu wake ulimini na ule muwasho wa mwili mzima, mtu anajikuna mpaka alfajiri. Lakini ilikuwa dawa nzuri na ya bei nafuu. Kisha ikaanza kushindwa: mtoto anamaliza dozi, wiki ya pili homa imerudi. Mwaka 2001 Serikali ikaiondoa na kuweka SP, ile dawa ya salfa. SP nayo haikudumu, na mwishoni mwa 2006 tukahamia dawa ya mseto, ALu, ambayo ndiyo unayopewa zahanati leo. Dawa mbili zimevuliwa madaraka ndani ya miaka sita. Mkoa wetu una fungu lake katika habari hii, maana Muheza na Korogwe zilikuwa miongoni mwa sehemu ambako watafiti walikuta usugu wa SP uko juu sana.

Nini kilitokea? Watu husema vimelea, yaani vijidudu vya malaria, vilizoea dawa. Havikuzoea. Katika damu ya mgonjwa mmoja mna vimelea mamilioni kwa mamilioni, na kila vinapojigawa hutokea makosa madogo katika kunakili vinasaba, yale maelekezo ya urithi yaliyomo ndani yake. Mengi hayana maana yoyote, mengine humwua mwenyewe. Mara moja moja sana linatokea kosa linalokiwezesha kimelea kuitoa klorokwini nje ya kifuko cha ndani ambamo dawa hufanyia kazi. Pasipo dawa, kosa hilo halina faida, pengine linakidhoofisha. Mgonjwa akimeza vidonge mambo yanageuka: vimelea vingine vinakufa, hicho kinabaki na nafasi yote. Mbu atakayemuuma mgonjwa huyo atabeba uzao wa kilichobaki, aupeleke nyumba ya pili. Vinasaba vya vimelea sugu vya klorokwini vilivyoenea Afrika vinaonyesha asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Vilifika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, vikakuta watu wanameza klorokwini kila mahali, vikatamba. Hakuna kimelea hata kimoja kilichojifunza jambo. Kilichobadilika ni nani aliyebaki kuzaa.

Hilo, mama, ndilo wanasayansi wa Uingereza Charles Darwin na Alfred Russel Wallace walilolieleza katika maandiko yao yaliyosomwa London mwaka 1858, na linaitwa uteuzi asilia. Hakuna zaidi ya hapo katika msingi wake: viumbe wa aina moja hawafanani kabisa, tofauti nyingine hurithiwa, na mazingira hayawapi wote nafasi sawa ya kuzaa. Mengine yote ni muda.

Na linafanya kazi hata kwa kurudi nyuma. Malawi waliiacha klorokwini mwaka 1993, mapema kuliko sisi. Dawa ilipoondoka, ule ubora wa vimelea sugu ukaondoka nao, na vile vya zamani vikarudi kutawala. Zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti waliijaribu tena kwa watoto wa Blantyre, ikawaponya karibu wote. Mtu asiyejua uteuzi asilia atakiona kitu hiki kama mazingaombwe. Anayekijua angeweza kukitabiri. Sasa niambie: daktari, nesi, mfamasia, bwana shamba wa kesho wanatoka wapi, kama si kwenye hayo madarasa ya kidato cha kwanza? Tunataka mtu akatupangie dawa za malaria, naye tumemficha namna malaria inavyozikwepa dawa?

Ukitaka mfano ulio ndani ya damu yetu wenyewe, ni sikoseli. Mtoto aliyerithi jeni yake kwa baba na kwa mama anaumwa; chembe nyekundu za damu zinajikunja umbo la mundu na kuziba mishipa midogo, na zamani wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Ugonjwa wa namna hiyo ungetegemea upungue wenyewe kizazi baada ya kizazi. Mbona basi upo tele Pwani na Kanda ya Ziwa? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni hiyo upande mmoja tu haugui sikoseli, na zaidi ya hapo ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwenye mbu wengi, watoto hao walipona wakakua wakazaa, wakairithisha jeni. Milimani kwenye baridi, ambako mbu walikuwa haba, jeni hiyo haikuwa na cha kumfaidia mtu, na huko huwa nadra. Faida hapa, msiba pale, jeni ile ile. Na hili si la darasani tu: vijana wawili wenye jeni hiyo upande mmoja mmoja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo kipo. Mwambie mwanao akumbuke siku atakapotaka kuoa.

Milima yetu nayo inafundisha. Ukisimama Korogwe una Usambara ya Magharibi upande mmoja na ya Mashariki upande wa pili, katikati bonde la Lwengera, chini, lenye joto. Kinyonga wa msitu wa baridi hawezi kulivuka. Zamani vinyonga wale wenye vipembe viwili puani wa milima mbalimbali walihesabiwa kuwa aina moja. Walipochunguzwa vizuri wakagawanywa, wa Usambara ya Magharibi wakawa spishi yao, wa Mashariki wakawa spishi nyingine. Bonde tu limewatenga, muda umefanya yaliyobaki.

Nifike kwa silikanti, kwa sababu najua baba watoto, kama ni mtu wa bahari, atanitolea huyo. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi: kama viumbe hubadilika, mbona samaki huyu yuko vile vile tangu zama za kale? Hoja si ya kipuuzi. Silikanti alijulikana kwanza kwa visukuku, mabaki yaliyogeuka mawe, ambayo ya mwisho yana umri wa miaka milioni 66 hivi, na wataalamu wote wakaamini ametoweka. Desemba 1938 akavuliwa mmoja hai Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, ndiye aliyemwona kwenye fungu la samaki wa trola na kukataa atupwe. Baadaye Komoro, baadaye Kilwa, na kuanzia 2004 wavuvi wetu wa jarife, ule wavu wa papa, wakaanza kuwapandisha kutoka kwenye kina kati ya Tanga na Kigombe, mmoja baada ya mwingine, samaki mzito wa kibuluu mwenye madoa meupe ambaye hata nyama yake hailiki vizuri. Mwaka 2009 likatangazwa eneo lote kuanzia mdomo wa mto Pangani hadi jirani ya jiji kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Wavuvi wengine wanalalamikia hifadhi hiyo mpaka leo, na wana yao ya kusema, lakini hayo ni ya siku nyingine.

Je, hajabadilika? Umbo la jumla limekaa, ndiyo. Hata hivyo silikanti wa leo si wale wa kwenye mawe. Hakuna kisukuku hata kimoja cha spishi hii tunayoivua sisi, na wale wa kale walikuwa na maumbo na ukubwa wa kila namna. Vinasaba vyake viliposomwa kwa ukamilifu na kuchapishwa mwaka 2013, ilionekana jeni zake zinabadilika polepole, lakini zinabadilika. Na hapa kuna jambo ambalo kila mtoto wa Tanga alistahili kulijua: mwaka 2011 watafiti walichapisha kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania, yaani hawa wetu, wana tofauti ya vinasaba na wenzao wa Komoro na wa kusini mwa nchi. Ni jamii yao peke yao. Huyu anayeletwa kama shahidi kwamba viumbe hawabadiliki, amebadilika hapa mlangoni kwetu. Uteuzi asilia hauna amri kwamba kila kiumbe lazima kigeuke. Penye mapango ya chini yenye baridi yasiyobadilika sana, anayefanana na wazee wake ndiye anayebaki salama.

Mapezi yake nayo yatazame. Yana mfupa na misuli ndani, yametokeza kama vigasha, na anapoogelea huyasukuma kwa kupishana, la kulia la mbele na la kushoto la nyuma, kama mnyama atembeavyo. Kwa miaka mingi ikadhaniwa yeye ndiye jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wenye miguu minne. Vinasaba vikasema hapana, kambaremamba, yule kamongo wa Ziwa Victoria anayejizika kwenye tope wakati wa kiangazi, yuko karibu nao zaidi. Wanasayansi wakabadilisha kauli. Napenda wanafunzi waone hilo, kwamba kitabu cha sayansi husahihishwa na ushahidi, na hakuna aliyefukuzwa kazi kwa hilo.

Dini. Mimi si sheikh wala padri, na sitatoa fatwa mtandaoni. Nitakusimulia tu kilichopo. Wanavyuoni wa Kiislamu hawana kauli moja: wapo wanaokataa mageuko yote, wapo wanaokubali ya mimea na wanyama na kumtoa Nabii Adamu, na wapo wanaoona hakuna mgongano hata kidogo. Ibn Khaldun katika Muqaddimah yake ya mwaka 1377 aliandika juu ya viumbe kupangika kwa kupanda, kutoka madini hadi mimea, hadi wanyama, hadi nyani, hadi mwanadamu mwenye fikra. Hakuwa Darwin, na wanaomfanya Darwin wanamwonea, lakini huwezi kusema fikra za namna hii zilianzia Ulaya au zimeletwa na makafiri juzi. Kwa Wakatoliki, Papa Pius XII aliruhusu utafiti wa jambo hili mwaka 1950, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema ni zaidi ya dhana tu. Ustadhi anayemwambia mtoto aliruke somo ana nia njema, sina shaka. Ila mtoto akiruka, hataweza hata kuipinga hoja, maana hajui inasema nini.

Baba watoto huenda akasema: basi na uumbaji ufundishwe pamoja, kipindi kimoja, mtoto achague. Wamarekani wamepigania jambo hilo mahakamani tangu 1925, pale mwalimu John Scopes alipotozwa faini ya dola 100 Tennessee kwa kufundisha mageuko, mpaka Mahakama yao ya Juu ilipoamua mwaka 1987 kwamba uumbaji hauwezi kulazimishwa katika darasa la sayansi. Ugomvi huo ni wao, na umetokana na katiba yao inayozuia shule za umma kufundisha dini. Sisi hatuna sababu ya kuuagiza. Hapa kwetu kipindi cha dini kimo kwenye ratiba ya shule, na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani, kama lilivyo la Biblia kwa Wakristo. Uumbaji una darasa lake, una mwalimu wake, una mtihani wake. Ukiuingiza kwenye baiolojia, utaingiza wa nani? Darasa moja la Tanga lina Mdigo Mwislamu, Msambaa Mlutheri, Mzigua Mwanglikana, na Mhindi wa barabara ya tatu. Na ukishaupeleka maabara, utakuwa umekubali upimwe kwa vipimo vya maabara, jambo ambalo nadhani ustadhi hatalipenda.

Upo upande mwingine wa hasira hii ambao watu hawausemi waziwazi, lakini mimi nimeusikia kwa wazazi wengi: kuna aibu ndani yake. Mzee wa makamo akisikia mtoto wake wa Kiafrika anafundishwa kwamba katoka kwa nyani, anasikia tusi la mkoloni. Na hakulitoa hewani. Wakati wa Wajerumani mafuvu ya watu wetu yalichukuliwa makaburini na kwenye miti ya kunyongea, yakapelekwa Berlin kupimwa na wasomi waliotaka kuthibitisha kwamba watu weusi wako chini. Zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa koloni lao la Afrika Mashariki yamechunguzwa asili yake miaka ya karibuni. Hiyo haikuwa sayansi ya mageuko, ilikuwa dharau iliyovaa koti jeupe, na mwalimu anayefundisha mada hii bila kuitaja historia hiyo anawaacha wanafunzi na donge. Vinasaba vimesema kinyume kabisa cha wale wasomi: watu wote duniani ni ndugu wa karibu, asili yao ni Afrika, na tofauti nyingi zaidi za kijeni ziko humu humu Afrika. Darwin mwenyewe mwaka 1871 aliandika kwamba yaelekea wazee wetu wa kale waliishi bara hili. Wengi waliomfuata hawakutaka kusikia, wakachimba Ulaya na Asia kwa miongo mingi. Na mwaka 2023 ni vipimo hivyo hivyo vya vinasaba vilivyowezesha baadhi ya mafuvu ya Berlin kupata ndugu zao walio hai huku Kilimanjaro.

Kwa hiyo baba aende shule, mimi siko kumzuia. Asiende kudai somo lifutwe. Aulize kwa nini Ramapithecus yumo. Aulize kama mwalimu wa baiolojia anaweza kukaa kipindi kimoja na mwalimu wa historia wakaifundisha mada hiyo pamoja, jambo lisilohitaji kibali cha wizara wala senti moja. Kama mwalimu aliwakejeli watoto kwa imani yao, hilo aliseme kwa mkuu bila kuficha, kwa sababu halimo kwenye silabasi yoyote na huharibu kazi yetu sote. Na kama shule ina basi, msitu wa Amani hauko mbali, na mapango ya Amboni yako hapo hapo: mawe yake ni ya zama za dinosaria, yalijengwa chini ya bahari.

Sasa mtihani. Swali la mtihani halimwulizi mtoto anaamini nini. Linamwuliza kama anajua Darwin alisema nini, kwa ushahidi gani, na Oldupai kulipatikana nini. Aandike kwamba kwa mujibu wa nadharia hiyo ni hivi na hivi, kisha atoe ushahidi. Hajatoka katika dini yake kwa kuandika hivyo, kama mimi nisivyotoka kwenye Uislamu wangu nikieleza Wahindu wanaamini nini. Ramapithecus, akiulizwa, amtaje kama kitabu cha darasani kinavyomtaja, maana alama ni alama, lakini nyumbani mweleze ukweli wake. Na ajifunze kuandika Zinjanthropus bila kukosea herufi. Katika madaftari niliyosahihisha, hapo ndipo wengi walipoangukia.